Mimi unanihubiria

Tangu Jumapili neno moja limenikaa kooni. Wiki hii ofisi imehamia ghorofa ya tatu, Baba amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto, kitinda mimba wetu amepata nafasi chuoni, na bado nikizima taa ninachosikia ni sauti ya Dada.

Sukari yake ya damu iko mpakani, karibu na kisukari. Alitembea siku sita, akaacha. Jumapili nilimkuta anakunja nguo za watoto, nikaanza: "Dada, nusu saa tu, siku tano kwa wiki. Shida iko wapi?" Akasema magoti. Nikamwambia kutembea kunayasaidia magoti. Akasema muda. Nikampangia muda. Akasema watoto, nikamtafutia wa kukaa nao. Kila alilosema nilikuwa na jibu lake. Mkononi alikuwa na shati. Akafunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga tena. Kisha, bila kuniangalia: "Wateja wako unawauliza. Mimi unanihubiria."

Nikageuza mazungumzo. Lakini hakusema ninamsumbua, wala hakusema nimwache. Unanihubiria.

Kinachoniuma ni kwamba hili ndilo ninalowaelekeza makocha wapya wa afya kila siku. Wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick walilieleza zamani: ile hamu ya kumnyoosha mtu ndiyo humsukuma ashike upande wa pili. Ukizimaliza wewe sababu za kubadilika, yeye anabaki na kazi ya kutafuta za kutobadilika, na kadiri anavyojisikia akizitaja ndivyo anavyoziamini. Magoti, muda, watoto. Mimi ndiye niliyemfanya azitaje zote tatu.

Ule utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulihusu watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari kubwa ya kisukari. Waliobadili mwenendo wa maisha walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58, waliomeza metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31. Tunapenda kuzitaja namba hizo kana kwamba kutembea tu kulitosha. Tunasahau kwamba kila mmoja katika kundi la mwenendo alikuwa na kocha wake na masomo 16 ya ana kwa ana ya kuanzia, mtu wa kukaa naye na kumuuliza wiki imekwendaje. Dada alipewa karatasi kliniki, akarudi nyumbani nayo.

Alhamisi nikaenda tena. "Dada, nisamehe kwa ya Jumapili."

"Yamekwisha, mdogo wangu."

Sikuigusa sukari. Tukakaa. Baadaye akaileta mwenyewe, nami nikamuuliza kama ninavyouliza kazini: kutoka sifuri hadi kumi, unajiona unaweza kiasi gani?

"Nne."

"Mbona si mbili?"

Akakaa kimya muda mrefu. Nilijizuia nisiujaze ukimya ule.

"Kwa sababu zile siku sita nililala. Usingizi wenyewe hasa. Hata ndoto sikumbuki."

Mimi zile siku sita nilikuwa nimeziandika kichwani kama kushindwa! Kumbe yeye amezitunza. Furaha niliyoipata pale siwezi kuieleza vizuri, macho yalinilengalenga.

Mpango akaupanga mwenyewe: asubuhi watoto wakishatoka kwenda shule, geti atalifunga akiwa nje, azunguke dakika kumi, arudi. Dakika kumi. Ulimi uliniwasha niseme thelathini, nikaumeza. Watafiti wa University College London walipowafuatilia watu 96, wastani wa siku za tabia kuzoeleka ulikuwa 66, kwa makadirio ya kuanzia 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuvuruga kitu. Kwa hiyo zikifika dakika thelathini zitafika. Leo asubuhi ameniandikia neno moja tu: "Nimezunguka."

Sasa ni Baba. Tangu juzi nikimtazama anasoma, jicho la kulia, lile ambalo halijaguswa, analifumba. Ukimuuliza anasema ni mwanga wa dirishani. Jana usiku alisoma hivyohivyo, na pazia lilikuwa limeshushwa.