Kusawazisha nywele za blondi zilizotoka mabaka
Nywele za mdogo wangu, ambazo alizipaka blichi hapa nyumbani Kisumu, zilitoka na rangi tatu: mizizi ilikaribia weupe, katikati palikuwa na mkanda wa rangi ya chungwa, na ncha zilikuwa za manjano. Jambo hili huwapata wengi, kwa sababu joto la ngozi ya kichwa huharakisha kazi ya blichi, na ndiyo maana mizizi hupakwa mwisho.

Hatukupaka kichwa kizima upya, kwani nywele zilizokwisha kung'aa zingekatika. Tuliikinga mizizi kwa kondishena, kisha tukachanganya blichi na developa (kimiminika cha hidrojeni peroksaidi kinachoamsha blichi) ya asilimia 6 na kuipaka kwa brashi nyembamba kwenye mkanda wa chungwa pekee, fungu moja moja, tukifuta kidogo kwa kitambaa kila mara ili kuona rangi imefikia wapi. Ilipofanana na upande wa ndani wa ganda la ndizi, tuliosha.

Ndipo tukatumia tona (rangi nyepesi ya kurekebisha rangi ya nywele) ya zambarau, ambayo huzima umanjano. Rangi ya chungwa huzimwa na buluu, hivyo zambarau peke yake isingetufaa mapema.

Nawasihi dada zangu: nywele zetu za kipilipili hukauka upesi, na zikianza kuvutika bila kurudi zikiwa na maji, acheni blichi mara moja. Tena jaribuni rangi kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla, hata kama mliwahi kuitumia bila kudhurika.