Waliotafuta Jina Lao Wasilione

Masomo: Ezra 2:59–63, Nehemia 3:4 na 21

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sura ya pili ya Ezra, orodha ya Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, wengi wetu huiruka. Wana wa Paroshi 2,172, wana wa fulani kadha wa kadha, hadi macho yanachoka. Wiki hii nawaomba msimame kwenye mstari wa 59, maana hapo hesabu inakwama. Wapo watu 652 waliopanda kutoka Tel-mela na Tel-harsha na miji mingine ya uhamishoni, nao hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao, wala kama wao ni Waisraeli. Wakafuata makuhani wa ukoo wa Habaya, wa Hakosi na wa Barzilai. Walitafuta orodha ya nasaba yao, haikuonekana. Kwa hao wa Barzilai tunapewa na sababu: babu yao alioa binti wa Barzilai Mgileadi, akaitwa kwa jina la ukweni. Jina lilipogeuka, wajukuu wakakosa pa kushika.

Liwali aliwazuia makuhani hao wasile vitu vitakatifu sana mpaka atakapotokea kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vile vitu ambavyo kuhani alimwulizia Mungu kwavyo. Lakini hakuwarudisha Babeli. Waliingia Yerusalemu pamoja na wenzao, wakiwa na swali lao.

Nimeyasoma haya nikiwa na mama mmoja moyoni. Mnamfahamu wote: ni mzee wa kanisa katika usharika wa ndugu zetu Wamarekani weusi wanaotupa jengo lao tusali mchana, na mara nyingi hubaki akatusikiliza tukiimba mapambio. Kwa miaka mingi amekuwa akimtafuta mama aliyemzaa bibi wa bibi yake.

Nieleze kidogo kwa nini ni kazi ngumu. Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Mwaka 1850 ndipo makarani walipoanza kuandika jina la kila mtu aliye huru. Watumwa waliandikwa katika vitabu vya peke yake, mwaka 1850 na tena 1860: juu jina la bwana, chini yake mistari ya umri, jinsia na rangi ya ngozi. Karibu kote, jina halimo. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, hesabu iliyofuata, ya 1870, iliwaandika kwa majina kama watu wengine. Ndiyo maana wajukuu wao wanaporudi nyuma, kizazi baada ya kizazi, wakifika 1870 wanagonga ukuta. Wenyewe huuita hivyo hivyo: ukuta.

Bibi huyo wa bibi yake yumo katika hesabu ya 1870, jimbo la Mississippi, miaka 25, pamoja na mume na watoto. Mwaka 1880 yumo tena, lakini amepewa miaka 30 tu, na jina lake limeandikwa vingine. Karani aliandika alivyosikia, akaondoka. Sisi tuliopitia kambi za wakimbizi tunalielewa hilo bila kufundishwa. Wangapi kati yetu wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa mujibu wa karatasi? Wangapi ni ndugu wa tumbo moja, na jina la baba yao limeandikwa kwa herufi tofauti?

Hesabu ya 1880 iliuliza pia jambo ambalo ile ya 1870 haikuuliza: baba yako alizaliwa wapi, na mama yako je? Kwenye safu ya mama, karani aliandika Virginia. Hakuna zaidi. Kutoka Virginia hadi Mississippi ni safari ndefu, na kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watu wapatao milioni moja waliondolewa majimbo ya kaskazini mwa eneo la utumwa wakapelekwa kwenye mashamba ya pamba, wengi wao wakiuzwa kama mifugo. Neno hilo Virginia ndilo pekee ambalo serikali imelisema juu ya mama yule. Vitabu vya hesabu ya 1890 haviwezi kuongeza kitu, kwa sababu karibu vyote viliharibika katika moto wa mwaka 1921 pale Washington na kilichofuata baada yake.

Ilibidi sasa atafute watu badala ya vitabu. Kupitia vipimo vya DNA alipata binamu wa mbali, wakaanza kuandikiana mtandaoni. Kwa binamu huyo akafahamiana na mwanamke mweupe ambaye mababu zake walikuwa na shamba katika kaunti ile ile. Mwanamke huyo hakuwa na lazima ya kujibu, lakini alijibu. Akafungua makaratasi ya ukoo, akampigia picha ukurasa wa orodha ya mirathi ya mwaka 1853. Nyumbu, plau, vitanda, na watu, kila mmoja na bei yake. Katikati ya ukurasa pana jina la mwanamke, na chini yake msichana mwenye jina kama la bibi anayemjua.

Aliponionyesha picha hiyo kwenye simu nilimwambia, "Mama, umempata!" Akatikisa kichwa. "Huenda ndiye," akasema. "Bado simwandiki."

Nimelitafakari jibu hilo sana. Mtandaoni zimejaa nasaba ambazo watu wamezijaza kwa hamu, jina linalofanana na jina, mtu akaunganishwa na mama asiye wake, na wengine mia wakanakili. Mama huyu ana kiu kuliko wengi wao, na amekataa kunywa maji asiyoyajua. Kutomshuhudia jirani uongo, nadhani, kunawahusu na jirani waliokufa, ambao hawawezi kutusahihisha. Kwake ile amri ya liwali si ukatili. Kusubiri Urimu na Thumimu ni kukubali kwamba ukweli upo, na kwamba bado hatujapewa.

Najua mtu ataniletea onyo la Paulo kwa Timotheo kuhusu "nasaba zisizo na ukomo". Ni onyo la haki. Lakini Paulo anawasema walioleta mabishano kanisani wakijifanya walimu, na Paulo huyo huyo hakuona haya kujitaja kuwa wa kabila la Benyamini. Mwanamke anayetaka kujua mama zake waliuzwa kutoka wapi habishani na mtu.

Tena kanisa limewahi kuifanya kazi hii, na kuifanya mimbarani. Kuanzia mwaka 1877, gazeti la Wamethodisti lililochapishwa New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu ya marafiki waliopotea. Waliokuwa watumwa waliandika: bwana wangu alikuwa fulani, mama yangu aliitwa hivi, niliuzwa nikiwa mdogo, kama kuna anayewajua ndugu zangu anijulishe. Aliyejiandikisha kupokea gazeti hakutozwa, mwingine alilipa senti 50. Na gazeti liliwaomba wachungaji wazisome barua hizo mbele ya washarika. Fikirini Jumapili hizo. Hakuna aliyewaambia watu hao kwamba yaliyopita si ndwele.

Nasi tunao waliopotezana na watu wao tangu vita vya 1996 kule Kivu, mashariki mwa Kongo. Wengine walipeleka majina Msalaba Mwekundu, wengine hawajawahi kulitamka jina lile hadharani tangu walipofika nchi hii. Matangazo yetu ya Jumapili yana mazoezi ya kwaya na michango ya msiba, na ni vema, lakini majina hayo hayamo.

Sasa someni Nehemia 3. Kwenye orodha ya wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu yupo Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi. Ni Hakosi wa ukoo ule ule uliokosa orodha, wa makuhani walioangukiwa na kura ya saba zamu za utumishi zilipogawanywa siku za Daudi. Meremothi anajenga sehemu yake katika mstari wa 4, na katika mstari wa 21 ameongeza nyingine. Katika Ezra 8:33, fedha na dhahabu ya nyumba ya Mungu inapimwa mkononi mwa Meremothi, mwana wa Uria, kuhani; na wengi wanaosoma huona ni mtu yule yule. Biblia haisemi kama karatasi ya kina Hakosi ilipatikana. Inatuonyesha tu mtu wao akiwa kazini, na jina la babu yake likitajwa mara mbili.

Mchungaji amekubali tuanze Jumapili ijayo, baada ya matangazo. Anayemtafuta mtu aje na jina, na namna zote jina hilo linavyoweza kuandikwa, kijiji, jina la mama yake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wazee watayaandika kwenye daftari moja. Mama yetu ameahidi kutufundisha kutafuta mtandaoni, na ameomba tumwombee, kwa kuwa ameandikia mahakama ya kaunti moja huko Virginia akiulizia orodha za mirathi, na bado hawajamjibu.