Ami alisema monita imekufa

Duka langu la kuchapa na kutoa kopi liko Langoni, hapa Lamu, hatua chache tu kutoka baharini, kwa hiyo kitu kikiharibika mimi huilaumu chumvi kwanza. Juzi nimewasha kompyuta, monita nyeusi tititi. Nikachomoa kebo, nikasugua pini zake kwa spiriti, nikarudisha. Giza lile lile.

Ami jirani, fundi wa redio na feni tangu mimi mtoto, alikuja akaipigapiga mgongoni. "Mwanangu, hii imekufa. Tafuta nyingine Mombasa." Mombasa! Yaani boti hadi Mokowe, kisha basi, na kurudi nimepakata kioo mapajani. "Ahsante ami," nikamwambia, "lakini ningoje kidogo."

Kuna kitu kilinitia shaka. Kebo ikichomolewa, monita ilikuwa inaandika kwamba haipati mawimbi. Maiti gani huyo anayesema? Na nilipowasha upya nikakodoa macho, nembo ya mtengenezaji ilionekana safi, giza likaingia pale mfumo endeshi unapoanza kupakiwa. Sawa, taa ya nyuma ya kioo ikiwa mbovu nayo huzimika baada ya sekunde chache. Ndiyo maana nikaingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo endeshi, nikaiacha wazi robo saa nzima. Haikupepesa, kwa hiyo taa ilikuwa nzima. Hapo nikakumbuka kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo niliiacha mashine ikijipakia apdeti.

Basi nikaizima kwa kubana kitufe cha pawa kila nembo ilipotokea. Kuwasha mara ya tatu, ukafunguka ukurasa wa matengenezo. Humo nikachagua hali salama, ile inayotumia draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya msingi peke yake. Picha ikaja, maandishi manene kama ya kibao cha duka. Ami, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akasema, "Mashallah."

Kilichobaki kilikuwa kazi ya dakika tano. Kwenye orodha ya vifaa, draiva ya kadi ya picha ilikuwa imebadilishwa usiku ule ule; nikarudisha ya zamani, nikawasha upya, kioo kikawaka kama kawaida. Apdeti nimezisimamisha kwa wiki moja kwanza. Na pini za kebo, hata hivyo, zilikuwa zimeanza kuota kutu ya kijani, kwa hiyo ile spiriti sikuipoteza bure.