Asilimia kichwani, siku ya 23: hatimaye nimejua kurudi nilikotoka

Imekubali! Jamani imekubali, na wala haikukubali kwa njia niliyoipanga, naandika haraka haraka kabla sijalala maana nikiamka kesho nitakuwa nimeshasahau nilifikaje hapa.

Mradi ni uleule, siku 30 za kupiga hesabu za asilimia kichwani, kalkuleta mwiko mpaka niwe nimeshatamka jibu. Wiki mbili za kwanza sina la kusimulia sana. Kutoa asilimia kwenda desimali, desimali kwenda sehemu, kutafuta asilimia 10 afu unaikata nusu au unaizidisha, hayo mnayajua. Hata ule ujanja wa kugeuza mnaujua, kwamba asilimia 18 ya 50 ni sawasawa na asilimia 50 ya 18, kwa hiyo ni 9 na umemaliza, ila mimi nilikuwa siujui mpaka siku ya 6, nikajiona kama mtu aliyekuwa anaruka ukuta miaka yote kumbe mlango upo pembeni na haujafungwa.

Kilichonikalia kooni ni kurudi nyuma. Yaani unaambiwa kitu kimepungua asilimia 20, sasa hivi kimebaki 400, je mwanzo kilikuwa ngapi? Mkono wangu unaandika 480 wenyewe. Kila siku! Najua ni kosa, jibu ni 500, nimeshalisahihisha kwa kalamu nyekundu mara sijui ngapi, na kesho yake nikiulizwa ghafla natamka 480 tena kwa kujiamini kabisa kama mwalimu. Kuanzia siku ya 14 mpaka ya 19 daftari langu linatia aibu, kila jioni najipa maswali 10 ya namna hiyo na siku niliyojitahidi kuliko zote nilipata 4.

Na kinachouma ni kwamba fomula naijua. Gawanya kwa 0.8, basi. Lakini kugawanya kwa 0.8 kichwani, au kwa 0.875, kichwa kinagoma, kinakimbilia kujumlisha maana kujumlisha ndo kimezoea. Nilijaribu kukariri jedwali la majibu, likanitoka baada ya siku mbili. Nikajaribu kuanza kila swali kwa kusema "tuseme mwanzo ilikuwa 100", hiyo inafanya kazi ila ni ndefu, ukifika katikati umeshasahau namba uliyopewa.

Siku ya 20 ndo mambo yalipogeuka, na sikuwa hata nafanya mazoezi. Nilikuwa na mchoro wa kifuniko cha boksi, upana milimita 250. Nikaupunguza kwenye mashine ya kopi mpaka asilimia 80 ili nione utakaaje kwenye boksi dogo, ukatoka milimita 200 safi. Afu nikakaa na ile kopi ndogo nikaanza kuichorea nakshi pembeni, mistari, vimajani, saa nzima imeisha. Ikatoka nzuri nikasema hii hii ndo nirudishe kwenye saizi kubwa. Nikaenda kwenye mashine, nikabonyeza 120 bila hata kupepesa jicho. Si nilipunguza 20? Naongeza 20.

Nimeweka juu ya kifuniko, pengo. Nikasogeza kushoto, pengo likahamia kulia. Nikachukua rula: milimita 240. Kumi nzima imeyeyuka na mimi nimesimama pale nimeshika karatasi nasema mashine mbovu hii.

Mashine haina kosa. Asilimia 20 ya kwanza ilikuwa ya 250, ambayo ni 50. Ya pili ni ya 200, ambayo ni 40. Hii kitu nilikuwa nimeiandika kwenye daftari kwa maneno yangu siku ya 14, ila kuisoma ni kitu kimoja na kuiona inakosekana kwenye rula ni kitu kingine kabisa.

Nilivyorudi nyumbani nikamwonyesha mdogo wangu akaniambia, "Sasa kaka, si uchukue tu ile karatasi ya mwanzo?" Nikamwambia nakshi zote ziko kwenye ndogo. Akasema pole, akaendelea na mambo yake.

Basi usiku ule sikulala, nikawa naangalia nini kinapotea ukishuka na kupanda kwa asilimia ileile. Kwa 20 umebaki na 96, umepoteza 4. Kwa 10 umebaki na 99, umepoteza 1. Kwa 50 umebaki na 75, umepoteza 25. Kwa 30 umebaki na 91. Mnaona? Kinachopotea ni ile asilimia ya asilimia yenyewe, 20 ya 20, 10 ya 10. Na ukianza kupanda ndo ushuke, ni vilevile, hupati hata punje ya ziada. Nilifurahi sana, kumbe nilikuwa nazunguka tu, maana kujua umepoteza kiasi gani hakukuambii upande na ngapi ili ufike.

Afu nikakumbuka ile mashine. Ina vitufe viwili vya tayari, cha kutoa A4 kwenda A3 kimeandikwa 141, cha kurudisha A3 kwenda A4 kimeandikwa 71. Nimeviona kila siku nikadhani ni namba za kiwandani tu. Angalia sasa, inashuka asilimia 29 lakini inapanda 41! Waliotengeneza waliliona tatizo langu kabla yangu. A4 ni milimita 210 kwa 297 na A3 ni 297 kwa 420, gawanya 297 kwa 210 unapata 1.41 na kitu, geuza unapata 0.71 hivi, na ukizidisha 1.41 kwa 0.71 unarudi kwenye 1, ukiacha hizo za mbali nyuma ya nukta. Kwa hiyo kurudi sio kujumlisha ulichotoa, ni kutafuta namba ambayo ukiizidisha na ya kwanza unapata 1. Kwa 0.8 hiyo namba ni 1.25. Asubuhi nikaenda nikabonyeza 125, nikaweka juu ya kifuniko, imekaa kama imezaliwa pale.

Hapa ngoja niseme kuhusu kalkuleta maana imenikera. Ile ya kwenye simu yangu ukiandika 400 + 20 % inakupa 480. Umeona hiyo namba? Ndo ileile mkono wangu unayoandika wenyewe! Miaka yote nimekuwa nikirudi nyuma kwa kitufe hicho na kitufe hakijawahi kunibishia, kinajibu nilichouliza, sio nilichokusudia. Na wala hakina msimamo, hiyo ya simu ukiipa 200 + 10 % inasema 220 maana inadhani unataka asilimia 10 ya hiyo 200, lakini Excel ukiandika =200+10% inakupa 200.1 maana yenyewe alama ya asilimia ni kugawa kwa 100 na hadithi imeishia hapo. Zote ziko sahihi kwa akili yake. Na hiyo hiyo Excel ukiandika 10 kwenye seli ya kawaida afu ndo ubadilishe iwe asilimia, inakuletea 1000%, ila ukibadilisha seli kwanza ndo uandike 10 inakaa 10%. Kwa maoni yangu kitufe cha asilimia kifungwe tu, kizidishio kinatosha: 1.2, 0.8, 1.125, unajua unachofanya. Zana bora ya mradi huu mpaka sasa ni rula, ya pili ni penseli.

Haya, turudi. Kichwani bado. Maana 1.25 niliipata kwa karatasi, na swali la kimepungua asilimia 12.5 bado lilinitoa jasho siku ya 21. Nilikuwa nimepanga kuanza asilimia badiliko na pointi za asilimia (betri ikitoka asilimia 40 kwenda 50 imepanda pointi 10 lakini imepanda kwa asilimia 25, nilitaka hizo mbili zisinichanganye tena), afu wiki ya mwisho riba inayojirudia na ile kanuni ya 72 (unagawa 72 kwa riba kukadiria miaka ya pesa kuwa maradufu). Vyote nimeviweka pembeni, sijui kama nitavirudia.

Kilichonivuta ni majina. Nilikuwa naandika asilimia na sehemu zake upande kwa upande, nikachoka kuandika 1/8 nikaandika thumuni. Nikasema ngoja niyaandike yote kwa majina ya zamani, nione kama nayakumbuka. Nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri, yaani kwa mpangilio huo moja ya mbili, ya tatu, ya nne, mpaka moja ya kumi. Ushuri sio ushuru, ingawa ni ndugu. Subui ilibidi niitafute kwenye kamusi, nilikuwa nimeiruka. Nikaipanga kwenye karatasi wima kama ngazi, ushuri chini kabisa, nusu juu, na juu ya nusu nikaandika "zima".

Afu kwa mchezo tu nikaweka kidole kwenye humusi, yaani asilimia 20, na kidole kingine kwenye jibu la kurudi, asilimia 25, ambayo ni robo. Ni kipandio cha juu yake. Nikajaribu robo: kimepungua robo, kurudi unaongeza thuluthi. Kipandio cha juu yake! Thuluthi ikipungua unarudi kwa nusu. Nusu ikipungua unarudi kwa zima, asilimia 100. Thumuni, ile 12.5 iliyonitesa, unarudi kwa subui. Ushuri unarudi kwa tusui. Yote! Na ukigeuza, kitu kimeongezeka humusi, unakirudisha kwa kuondoa sudusi, kipandio cha chini.

Nilisimama nikazunguka chumba. Ukifikiria ni wazi kabisa, ukiondoa humusi vimebaki vipande vinne kati ya vitano, kile kimoja kilichoondoka ni robo ya vilivyobaki, sasa ingekuwaje kingine? Lakini kwa namba 20 na 25 nilikuwa sioni undugu wowote, zinaonekana kama wapangaji wawili waliokutana kwenye korido. Kwa majina wanakaa jirani.

Jana na leo nimejipima. Kimepungua thumuni, kimebaki 350: subui ya 350 ni 50, mwanzo 400. Kimepungua robo, kimebaki 90: thuluthi ni 30, mwanzo 120. Kimeongezeka humusi kimefika 720: sudusi ni 120, mwanzo 600. Sekunde chache tu, hakuna cha kugawanya kwa 0.875. Jana 7, leo 9 kati ya 10, na lile moja nililokosa ni kwa sababu nilishuka ngazi badala ya kupanda.

Shida ni moja, ngazi ina vipandio tisa tu. Kitu kikiongezeka ushuri kinarudi kwa moja ya kumi na moja (asilimia 9.09), na hiyo sina jina lake. Na asilimia 30 haipo kabisa kwenye ngazi, wala 18. Nilikuwa hapo nakuna kichwa usiku huu, nimetandika karatasi sebuleni, nikamuuliza mdogo wangu huku sitegemei jibu, kitu kimepungua asilimia 30 kinarudi kwa ngapi. Akauliza, "Watu kumi wakiondoka watatu wanabaki wangapi?" Saba. "Sasa hao saba si wanatakiwa waongezeke watatu?"

Tatu kwa saba. Subui tatu! Kimebaki 560, subui yake 80, mara tatu 240, mwanzo 800. Nikakagua, asilimia 30 ya 800 ni 240, imelala pale pale. Kwa hiyo ngazi yangu nzima ilikuwa tu ni walioondoka juu ya waliobaki, na yeye kaisema bila hata kuangalia karatasi, macho yako kwenye simu. Asilimia 18 nayo ikakubali, ni 9 kwa 50, ikiongezeka inakuwa 59, kwa hiyo unaondoa 9 kwa 59, kama asilimia 15.25. Kichwani hiyo sitaiweza lakini angalau najua iko wapi.

Nikamwambia aandike jina lake kwenye daftari maana huu sasa ni mradi wa watu wawili. Kakataa, anasema anataka ile kopi iliyotoka milimita 240, kuna boksi lake linaitosha.