Siku Tuliyochovya Kioo cha Yuropiamu Kwenye Chumvi ya Fedha

Vipande vile vya kioo tulivichovya nusu tu. Kikizama chote, hakibaki cha kulinganisha nacho, na vipande viwili vilivyokatwa kwenye bonge moja la kioo havifanani kamwe kwa asilimia mia.

Kilikuwa kioo cha silika na sodiamu, kimetiwa asilimia 1 ya oksidi ya yuropiamu, metali adimu inayotoa mwanga mwekundu, na kung'arishwa pande zote mbili. Chumvi yenyewe ilikuwa gramu 100 za nitrati ya sodiamu na gramu 2 za nitrati ya fedha, karibu asilimia 1 ya moli (yaani kwa idadi ya chembe, si kwa uzito), ndani ya kikombe cha alumina, kauri ya oksidi ya alumini. Kikombe cha chuma hakifai: hugeuza fedha iliyo katika chumvi kuwa metali kabla haijafika kwenye kioo. Tanuri tuliliweka nyuzi 340 za Selsiasi. Chini ya 308 nitrati ya sodiamu haiyeyuki. Ukikaribia 440 nitrati ya fedha huanza kuvunjika na kutoa moshi wa kahawia wenye sumu. Karatasi na vitambaa viliondolewa kabisa, maana nitrati ya moto ikikutana navyo huwasha moto.

Kioo kilining'inizwa kwanza juu ya kikombe, humo humo tanurini, mpaka kikapata joto lile lile. Kioo baridi kikigusa chumvi iliyoyeyuka hupasuka papo hapo. Kisha kikashushwa ndani ya chumvi, kikakaa humo saa moja. Ioni za fedha, yaani atomu zenye chaji ya umeme, huingia kwenye kioo, za sodiamu hutoka, na anayetaka tabaka nene mara mbili hungoja mara nne ya muda huo.

Tulikiacha kipoe taratibu, tukakiosha kwa maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa, tukazima taa za chumba na kuwasha ile ya urujuanimno, ya nanomita 365. Nusu ya juu ilitoa wekundu hafifu, wa kawaida wa yuropiamu. Ya chini iliwaka nyekundu ya kuvutia kweli, na mpaka kati yake haukuwa mstari mnyoofu, kwa sababu chumvi hupanda kidogo kwenye uso wa kioo. Yuropiamu hunyonya miali hiyo kwa shida. Ioni za fedha na vikundi vyake vidogo vya atomu chache huinyonya vizuri zaidi, kisha huipa yuropiamu nishati hiyo.

Kipande cha pili kilitoka cha manjano. Bonge lake lilikuwa limetiwa antimoni ili kuondoa mapovu wakati wa kuyeyushwa, na antimoni huipa fedha elektroni. Fedha ikawa chembe za metali zinazomeza mwanga karibu na nanomita 420. Kwa macho kilipendeza kuliko cha kwanza. Chini ya taa kilikuwa kimefifia, kwa kuwa chembe hizo hunyonya nishati bila kuirudisha.

Spektromita, kifaa kinachopima nguvu ya kila rangi ya mwanga, ndiyo iliyotuambia jambo nililolithamini zaidi. Katika kipande cha kwanza, uwiano wa mwanga wa nanomita 612 na ule wa 590 ulikuwa sawa juu na chini. Mstari wa 612 hubadilika haraka mazingira ya yuropiamu yakibadilika, ule wa 590 hautikisiki. Basi fedha haikuvuruga makazi ya yuropiamu, iliongeza chakula tu. Tuling'arisha kona moja kwa unga wa oksidi ya seriamu, tukiondoa mikromita chache za uso wenye fedha, na pale mng'ao ukarudi kuwa wa kawaida.

Kwa bonge lililofuata tuliacha antimoni, na mapovu tukayatoa kwa kuyeyusha muda mrefu zaidi.