Ganda la Arobaini

Kwenye mtulinga wangu wa kulia pana kovu, refu kama punje ya mchele. Binti yangu hulipapasa akauliza ni la nini, nami humjibu kuwa niliungua. Ni kweli niliungua. Kilichoniunguza ni ganda la risasi, na asubuhi ile naikumbuka mpaka harufu yake.

Ilikuwa Malindi, Oktoba 2012, wakati wa maleleji. Kusi lilikuwa limeisha nguvu na kaskazi haijashika, hata bahari ilionekana kama haijaamua iende wapi. Nilikuwa askari wa miaka 24, miaka miwili kazini, na nilikuwa na jambo ninaloficha: bastola ilinishinda.

Kwa bunduki ndefu sikuwa na neno. Bastola ndiyo iliyonitesa. Tulikuwa tukitumia Ceska, ile ya milimita 9, nzito, ya baridi ukiishika alfajiri. Mita 7 nilipita. Mita 15 nilipita kwa kudra. Mita 25 risasi zangu zilikwenda kujikusanya chini kushoto mwa karatasi, kama kuku waliojibanza pembeni mwa banda mvua inanyesha.

Chanzo nilikijua. Wakati wa mafunzo mwenzangu alifyatua karibu kabisa na sikio langu kabla sijaziba masikio. Sikio likalia siku mbili. Aliyekuwa akitusimamia aliniambia nirudi kwenye mstari, askari hasimamishi kazi kwa ajili ya sikio. Nikarudi. Tangu siku hiyo mwili wangu ukawa unaujua mlio kabla haujatoka, nao unajikunja mapema. Sikumwambia mtu. Mwanamke akishasema anaogopa mlio wa bastola, neno hilo linamtangulia kila kituo anachohamishiwa. Mpaka leo nikilikumbuka jambo lile naumia, maana kungekuwa na mtu mmoja wa kuniketisha siku ile, nisingebeba hofu ile miaka miwili.

Mtu huyo nilikuja kumpata Malindi. Alikuwa mzee aliyetunza ghala la silaha, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, amebakiza miezi mitatu astaafu. Hakuwa na maneno mengi. Siku moja tulipotoka renji, uwanja wa kupigia shabaha, aliichukua karatasi yangu, akaitazama, akaikunja vizuri akaniregeshea.

"Kesho alfajiri twende mita mia."

"Afande, ishirini na tano zenyewe zimenishinda."

"Ndiyo maana nakupeleka. Mita saba yakusitiri, mwanangu. Mita mia haimsitiri mtu."

Tulifika kabla jua halijachomoza. Renji yenyewe ilikuwa nje ya mji, uwanda wa mchanga na vichaka, na mwisho wake tuta kubwa la mchanga la kuzuia risasi. Mzee alipandisha bendera nyekundu, akatembea mpaka tutani, akatundika bamba la chuma kwa minyororo miwili. Lilikuwa bamba la duara, mapana ya sinia ya watu wanne. Niliposimama kwenye mstari nikaliangalia, lilikuwa dogo kuliko kifungo cha shati langu.

Alichuchumaa akachora mchangani kwa kijiti. Kutoka pengo la kulengea la nyuma hadi ncha ya kulengea ya mbele ya bastola ile ni kama sentimita 16. Ncha ikienda upande kwa milimita 1 tu, kwenye mita 7 unakosa kwa sentimita 4 na kidogo. Bado umo kwenye karatasi, na huenda ukapongezwa. Milimita ile ile ukiipeleka mita 100 inakuwa zaidi ya sentimita 60. Umelikosa sinia lote. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kusitiriwa na mita saba.

Kisha akanieleza habari ya kushuka. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, lakini haiendi kama uzi uliovutwa. Bastola inayopiga katikati kwenye mita 25, kwenye mita 100 risasi yake huwa imeshuka kiasi cha sentimita 30. "Usilenge chuma," akasema. "Lenga pale minyororo inaposhikana na chuma, juu yake kidogo. Risasi itateremka yenyewe."

Risasi kumi za mwanzo, hakuna hata moja iliyogusa. Niliona vumbi likiruka, chini kushoto, chini kushoto. Mzee alikuwa kimya.

Nilipotaka kujaza tena, akainua mkono. Mbali upande wa kulia, nje kabisa ya bendera, kijana mmoja alikuwa akipitisha mbuzi. Mzee aliniamuru nitoe magazini, nifungue chemba, niweke bastola mezani, nirudi nyuma hatua tatu. Tukangoja. Mbuzi hawana haraka, na mzee naye hakuwa na haraka. Risasi ile ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa cha kuizuia, na yeye alisema kazi ya kwanza ya mwenye bastola ni kujua kilichoko nyuma ya shabaha, kulia kwake na kushoto kwake. Tulikaa karibu robo saa mpaka mbuzi wa mwisho akapotea vichakani.

Katika kungoja huko ndipo aliponiuliza. "Ulipigiwa karibu na sikio?"

Sikujibu upesi. Kisha nikamwambia yote.

Hakunipa pole. Aliichukua magazini, akageuka akanipa mgongo, akaijaza mwenyewe. "Humu mna risasi za kweli na za bandia. Hujui ipi yaja. Piga."

Ya kwanza ililia. Ya pili nikabana kifyatulio, ikasema *tik* tu. Na mbele ya macho yangu mtutu ukainama. Hakuna risasi iliyotoka, hakuna kishindo, hakuna kilichoisukuma bastola ile. Ni mkono wangu ulioisukuma chini kwenda kukutana na mlio usiokuwapo. Niliona haya, lakini pia nilifarijika, maana kwa mara ya kwanza nililiona tatizo langu kwa macho, lina umbo, lina upande linakoelekea.

"Umeliona?"

"Nimeliona, Afande."

"Basi hilo si woga. Ni mazoea. Mazoea huondoka kwa mazoea."

Tukarudia. Alikuwa amenizoesha wiki ile, jioni barazani kwa ghala, kufyatua bastola tupu huku sarafu ya shilingi kumi imelala juu ya mtutu, isianguke. Nilidhani ni adabu ya kunichosha. Sasa nikaelewa ilikuwa ya nini. Kila ilipokuja ya bandia mtutu uliinama kidogo zaidi ya kutikisika, kisha ukatikisika tu, kisha, kwenye ile ya tano, ukatulia kama umeegemezwa ukutani. Kifyatulio nilikuwa nakivuta polepole, sawasawa, bila kujiambia ni lini kitakata. Mlio ukija unanikuta, siukimbilii.

Lililobaki lilikuwa jicho. Nilikuwa nalikodolea bamba, na ncha ya bastola nimeiacha ikawa kivuli. Hapo mzee alirudi kwao baharini. Pengo la nyuma akaliita tezi, yaani nyuma ya chombo, ncha ya mbele akaiita omo, mbele yake. Ukiwa umeshika usukani unaingia bandarini, alisema, mji wauona, lakini jicho laishi kwenye omo. Ukiiacha omo ukashangaa mji, umepanda mwamba. Methali yasema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. "Kwenye bastola, marejeo ni omo."

Nikaiacha shabaha ififie. Si jambo rahisi, kila hisia inakwambia uangalie unachotaka kukipiga. Jicho la mtu haliwezi kuona kwa makali vitu viwili vilivyo mbali namna ile kwa wakati mmoja, lazima uchague. Nikachagua ncha. Ikawa nyeusi, kingo zake kali kama wembe, na kule mbali bamba likawa wingu la kijivu lililoning'inia.

Nilifyatua. Kishindo. Kimya. Nikafikiri nimekosa.

*Ting.*

Ulikuja umechelewa, zaidi ya nusu sekunde, mwembamba, kama mtu aliyegonga kikombe kwa kijiko nyumba ya tatu. Risasi ina safari yake ya kwenda na mlio wa chuma una safari yake ya kurudi. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Nilitaka kugeuka nimtazame mzee, lakini sikugeuka.

Miaka minne baadaye, mwaka 2016, nilimtazama kwenye televisheni Mkorea Jin Jong-oh akishindana Rio kwa bastola mita 50, mkono mmoja, mchezo ambao baada ya hapo uliondolewa kwenye Olimpiki. Katikati ya fainali alipiga 6.6, pigo baya kwa mtu wa daraja lake. Akashusha mkono, akapumua, akarudi, akaibeba dhahabu, ya tatu mfululizo katika mchezo huo. Nilimsikia mzee wangu wa Pate mle ndani ya kile kimya chake. Baada ya zile kumi za mwanzo, kila nilipokosa alikuwa akiniambia neno lile lile: "Iliyokwenda imekwenda."

Asubuhi ile ya Malindi zikabaki risasi tano. Umande ulikuwa ukivuma kutoka bara, laini, na jua limeshapanda kiasi cha kung'arisha ncha. Ya kwanza ikalia chuma. Ya pili ikakosa kwa juu. Ya tatu ikalia. Ya nne ilipotoka, ganda lake lilichupa likagonga nguzo ya kibanda, likarudi likaingia kwenye kola yangu.

Aliyewahi kuunguzwa na ganda anajua. Mwili wote unataka kuruka, mkono unataka kutupa kilichomo na kukimbilia shingoni, na hapo ndipo mtutu huzunguka ukaelekea watu. Nilitoa kidole kwenye kifyatulio. Mtutu nikauacha tutani. Ngozi ilikuwa inachomeka, naisikia. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikaitafuta omo. Nikaivuta ya arobaini.

Kishindo. Kimya. *Ting.*

Mzee alivua kofia akaanza kuokota maganda, maana ghala huenda kwa hesabu: zilizotoka arobaini, maganda yarudi arobaini. Alihesabu mara mbili. Thelathini na tisa. Akapiga magoti akachekecha mchanga kwa vidole chini ya meza, nami nikapiga magoti kando yake, akili yangu ingali kule kwenye chuma. Tulichekecha mpaka jasho likamtoka, ndipo niliposikia kitu kigumu kikinigusa kiunoni, juu ya mshipi. Nikachomoa shati, likaanguka.

Akalitazama ganda, akatazama shingo yangu.

"Liliingia lini?"

"Kwenye ya nne, Afande. Kabla ya mwisho."

Alinyamaza kidogo. "Mtutu uliuweka tutani, vizuri. Lakini siku nyingine weka bastola chini kwanza, ndipo uje uungue au usiungue. Usinifanyie tena."

"Sawa, Afande."

Akaliweka ganda kofiani, akaandika arobaini kwenye daftari, akaniambia nikifika nyumbani nipake shubiri. Kisha akaenda kuteremsha bendera.