Mwavuli Una Kurasa Ngapi?

Wiki ile niliiba makala. Nilijiibia mwenyewe, lakini wizi ni wizi, na mhariri wangu alinishika kabla hata hajafika katikati.

Nilikuwa na safu ya kila wiki katika jarida moja, maneno 600, na kila Alhamisi ilipofika saa 10 jioni makala ilitakiwa iwe imeshamfikia mhariri. Miezi ya mwanzo mawazo yalinifuata hadi bafuni. Niliyaandika kwenye simu, na orodha ikawa ndefu kiasi kwamba nilianza kujiona tajiri. Kufika mwezi wa 8 ilikuwa imebaki mistari miwili. Mmoja nilikuwa nimeshauandikia. Wa pili ulisema tu "ngazi!!" na sikukumbuka hata kidogo nilikuwa na maana gani, ingawa zile alama mbili za mshangao zinaonyesha kwamba siku ile niliona nimepata dhahabu.

Na nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Nililala usiku kucha na kuamka mzito vilevile. Mchana nilikuwa na kazi nyingine, inayolipa kodi ya nyumba.

Jumatano usiku nilikaa mbele ya kompyuta nikitazama kile kimstari kikiwaka na kuzimika. Nikabadilisha aina ya herufi. Nikakata kucha za mkono mmoja. Karibu na usiku wa manane nikafungua makala yangu ya zamani, ile ya watu wanaoazima vitabu wasivirudishe. Aya ya kwanza nikaipeleka mwisho, na kila palipokuwa na kitabu nikaweka mwavuli. Nikatuma, nikalala kama mtu mwema.

Asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, hebu nisaidie. Mwavuli una kurasa ngapi?"

Nilinyamaza. Akanisomea sentensi yangu polepole, kama anayesoma hukumu: rafiki aliuazima mwavuli, akakaa nao mwaka mzima, akaurudisha ukiwa na kurasa zilizokunjwa pembe.

Ningefurahi angefoka. Hakufoka. Aliniambia safu haitatoka wiki hiyo, na kweli haikutoka. Mahali pangu wakaweka tangazo la magodoro, ambalo kwa hali niliyokuwa nayo niliona kama dhihaka. Kisha akasema kuanzia kesho, kila siku kabla ya saa 3 asubuhi, nimtumie maneno 100.

"Kuhusu nini, dada?"

"Sijali."

"Nikiandika mabovu je?"

"Ndiyo ninayoyataka. Mazuri niwekee ya Alhamisi."

Kwa kiburi changu nikaona 100 ni ya watoto. Niliwahi kusoma habari za Anthony Trollope, mtumishi wa Posta ya Uingereza, aliyekuwa akiketi mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa yake imewekwa mbele yake, na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Aliacha riwaya 47. Basi nami nikaamka saa 11 na nusu, nikaweka simu wima imeegemea kikombe. Robo saa ya kwanza nilipata maneno 31, mawili kati yake yakiwa jina langu nililoandika juu ya ukurasa. Nikarudi kwenye 100 bila kumwambia mtu.

Siku ya kwanza nilimwandikia mlio wa jokofu. Siku ya pili nilimlalamikia mhariri mmoja katili, nikakumbuka nani atasoma baada ya kuwa nimeshatuma. Alijibu, "Mstari wa nne mzuri," basi. Siku ya tatu sikumbuki, na nadhani hata yeye hakumbuki.

Siku ya nne, kwa kukosa jingine, niliandika neno "ngazi" nikaanza kuorodhesha kila ngazi niliyowahi kupanda. Ya shuleni, ya hospitali, ya mbao iliyokuwa ikilia. Nilipofika kwenye maneno 70 hivi ndipo likanirudia: gizani, unaposhuka ngazi usiyoizoea, mguu hutafuta kidato kimoja zaidi ambacho hakipo, na mwili mzima hushtuka kwa kukanyaga sakafu mapema. Ndilo lile. Nilikuwa nimelibeba kwenye simu miezi yote ile. Sikuacha kuandika hadi nikachelewa kazini.

Alhamisi makala ya ngazi ilikwenda. Haikuwa bora kuliko zote. Dada alibadilisha kichwa na kunikatia aya mbili za mwisho, na alikuwa na haki.

Za asubuhi niliendelea kutuma hata aliposhaacha kujibu. Nikadhani hazisomi tena. Kisha siku moja nikaamka na homa, nikajiambia leo nina udhuru, nikajifunika shuka. Saa 3 na dakika 5 ujumbe ukaingia:

"Mwavuli?"

Nikaandika nikiwa nimelala, kuhusu homa, jinsi mto unavyokuwa na upande mmoja tu wenye ubaridi na jinsi unavyoisha. Nikahesabu: 98. Nilitafuta mawili ya kuongeza nisiyapate, kichwa kikigonga. Nikaweka jina langu chini, la kwanza na la ukoo, nikatuma.